MAZUNGUMZO YA JUMA: Farasi Aliyejua Hesabu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linaloihusu kila nyumba yenye watoto, nalo ni namna ya kujua ukweli juu ya akili ya mtu. Tukitaka kujua uzito wa mahindi twayapeleka kwenye mizani. Tukitaka kujua ukubwa wa shamba twalipima kwa kamba. Lakini akili ya mtoto haina mizani wala kamba. Twaijua kwa majibu yake na matendo yake tu, na waulizaji ni sisi wenyewe. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana mpimaji aweza kukiharibu kipimo pasipo kukusudia.

Elimu inayochunguza akili na tabia za watu huitwa saikolojia. Wataalamu wake walionyeshwa hatari hiyo zamani, na aliyewaonyesha alikuwa farasi.

Mjini Berlin, katika nchi ya Ujerumani, alikuwako mzee mmoja jina lake Wilhelm von Osten, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Mzee huyo alikuwa na farasi aitwaye Hans, akamfundisha kwa subira kama vile mwalimu anavyomfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Akimwuliza, "Tatu na nne ni ngapi?" farasi hugonga chini kwa mguu mara saba, kisha hutulia. Akiulizwa tarehe, hugonga tarehe. Watu walijaa uani kumtazama, na mzee hakuwatoza hata senti moja. Tena hata mgeni akiuliza, mzee akiwa hayupo, mara nyingi farasi alijibu sawasawa.

Mwaka 1904 iliundwa tume ya watu 13 kulichunguza jambo hili. Kiongozi wake alikuwa Profesa Carl Stumpf, na ndani yake walikuwamo walimu, daktari wa mifugo na mtu wa sarakasi anayezijua hila zote za wanyama. Walitazama sana, wakasema kwamba hawakuona udanganyifu wowote. Je, wewe msomaji ungalisema nini? Wengi walisema, "Basi, imethibitika. Farasi ana akili za mtu."

Lakini mwanafunzi wa profesa huyo, Oskar Pfungst, hakuridhika. Tafadhali msomaji, hapa soma polepole. Pfungst hakuanza kubishana kama farasi ana akili au hana, kwa kuwa ubishi wa namna hiyo hauna mwisho. Alitafuta swali linaloweza kujibiwa kwa kujaribu: Je, farasi atajibu sawasawa ikiwa hata mwulizaji mwenyewe halijui jibu?

Basi akapanga majaribio. Mara nyingine mwulizaji alimwonyesha farasi kadi yenye namba ambayo yeye mwenyewe ameiona. Mara nyingine alimwonyesha kadi ambayo hakuitazama. Mara nyingine mtu wa kwanza alimnong'oneza farasi namba moja, na mtu wa pili akamnong'oneza nyingine, wala hawakuambiana, kisha farasi akatakiwa kuzijumlisha. Mara nyingine tena farasi alizibwa macho kwa upande asimwone mwulizaji. Kila mara Pfungst alibadili jambo moja tu na kuyaacha mengine kama yalivyokuwa, ili tofauti ikitokea ajue imeletwa na nini. Alirudia mara nyingi, kwani kupata mara moja huenda ikawa bahati tu. Tena aliyaandika majibu yote, yaliyo sawa na yaliyokosewa.

Matokeo yalikuwa wazi. Mwulizaji akilijua jibu, farasi alipata. Mwulizaji asipolijua, au farasi asipomwona, farasi aligonga ovyo ovyo.

Siri ilikuwa nini? Mtu akishauliza swali, huinama kidogo kuutazama mguu wa farasi. Hesabu ya kugonga ikifika mahali pake, moyo wake hutulia, na kichwa chake huinuka kidogo sana bila yeye mwenyewe kujua. Farasi aliona kichwa kikiinuka, akaacha kugonga. Hakujua hesabu hata kidogo, bali aliwajua watu. Pfungst aliyaandika haya katika kitabu mwaka 1907. Mzee von Osten hakukubali. Alikufa mwaka 1909 akiamini bado kwamba farasi wake alijua kuhesabu.

Angalieni, wasomaji: hapa hakuna mwongo hata mmoja. Mzee alikuwa mwaminifu, tume ilikuwa na watu wenye busara, na farasi alifanya alivyozoea. Hata hivyo wote walipotea. Uaminifu peke yake hautoshi kumpatia mtu ukweli. Lazima na njia ya kuutafuta iwe nzuri.

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya farasi, sisi twalea watoto." Sikilizeni na hili. Huko Marekani, mtaalamu Robert Rosenthal na mwenzake Fode waliandika mwaka 1963 habari za wanafunzi 12 wa chuo waliopewa panya watano kila mmoja, wawafundishe kuipata njia iliyo sawa. Nusu ya wanafunzi waliambiwa kwamba panya wao ni wa ukoo wenye akili, na nusu wakaambiwa wao wana panya wazito wa kuelewa. Kumbe panya wote walikuwa wa namna moja, waligawanywa tu. Lakini mwishoni wale walioitwa wenye akili walifanya vizuri zaidi. Wanafunzi waliopewa panya hao walisema wenyewe kwamba waliwapenda na kuwashika kwa upole zaidi. Ikiwa jina tu laweza kumfanyia panya hivyo, sisi tunaomwita mtoto "mjinga" mbele ya ndugu zake tunamfanyia nini? Tukishamwita hivyo, swali la kwake twaliuliza kwa haraka, jibu lake hatulingoji, na akikosa twasema, "Si nilisema?"

Basi tuyachukue mafundisho haya nyumbani. Mama akitaka kujua kama mwanawe anajua kusoma, asimpe ukurasa ule aliousikia ukisomwa kila siku, wala asitangulie kutamka maneno kwa midomo huku mtoto akimtazama usoni. Ampe karatasi ambayo hajapata kuiona, naye akae nyuma yake.

Baba akipotewa na fedha, asimwite mtoto na kumkazia macho akisema, "Ni wewe uliyechukua, sivyo?" Mtoto mwenye hofu hujibu lile ambalo uso wa baba unalitaka, kama Hans alivyofanya. Amwulize, "Jana jioni ulikuwa wapi, nawe uliona nini?" Kisha anyamaze asikilize.

Nasi tunaosema, "Watoto wa nyumba ile wote ni wazito," tujiulize kwanza tumewaona wangapi, na kama tumewahesabu pia wale waliofaulu. Tena tujiulize kama tumewalinganisha na watoto wanaotembea mwendo ule ule kwenda shule, na wanaolala wameshiba sawasawa. Kulinganisha mtoto mwenye njaa na mtoto aliyeshiba si kulinganisha akili.

Wenye kusahihisha mitihani mikubwa walikwisha kujihadhari. Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania mtahiniwa huandika namba, haandiki jina. Msahihishaji hajui kama karatasi ile ni ya mtoto wa tajiri au wa maskini, wa msifiwa au wa mlaumiwa. Anaona kazi tu.

Nyumbani hatuwezi kuwapa watoto wetu namba. Majina yao twayajua, na mioyo yetu yaelekea huku na huku. Lakini kabla ya kusema mtoto huyu aache shule kwa kuwa hana akili, na kitabu chake apewe mdogo wake, tumpime mara nyingi, si mara moja. Tumwombe na mwalimu mwingine asiyemjua amwulize. Hukumu ya namna hiyo huwa ya maisha yote, na mtoto hana mahali pa kukata rufani.

Kwaherini hadi juma lijalo.