SWALI NA SIRI YA MPIGA KURA



Sisi makarani twajua ya kuwa jawabu lililoandikwa katika fomu si lazima liwe kweli. Mtu aulizwaye jambo la aibu, mbele ya mwenye kalamu na karatasi, hujibu kama hofu na haya zimwelekezavyo. Kwa hiyo yatupasa kuzijua njia wanazozitumia wataalamu kuchungua jinsi wapiga kura wakatavyo shauri.

Zamani wengi walidhani kuwa wingi wa majibu watosha. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kwani waliojibu hawakuwa mfano wa taifa zima.

Walakini, hata wakichaguliwa vema watu wa kuulizwa, swali lenyewe laweza kuwafunga midomo. Baada ya uchaguzi wa miji wa mwaka 2008 huko Nikaragua, katika Amerika ya Kati, watafiti waliuliza waziwazi habari za zawadi zitolewazo ili kununua kura. Waliokiri walikuwa 2 tu katika kila 100. Lakini ilitumika pia njia ya orodha. Watu waligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza lilipewa orodha ya mambo ya kampeni; la pili likapewa orodha hiyo hiyo na jambo moja zaidi, yaani zawadi au fadhila. Kila mtu alitaja idadi tu ya mambo aliyoyapata, wala hakutaja ni yapi. Wastani wa fungu la kwanza ulipotolewa katika ule wa pili, tofauti ilionyesha watu wapatao 24 katika kila 100.

Njia hii haimfichui mtu; yafichua ukubwa wa jambo tu. Siri ya mpiga kura yabaki kwake, na kwa kuwa yabaki kwake, ndipo asemapo kweli.

Basi tushikao kalamu tujihadhari. Aliyeandika 2 hakukosea kuhesabu, ila hesabu iliyo sawa yaweza kupoteza watu njia. Kabla hatujajumlisha majibu, tupime kwanza kama swali letu lilimwachia mtu nafasi ya kusema kweli bila ya kuogopa.

Mhariri.