Fainali ichezwe siku gani?

Mshirika mmoja ameniuliza, "Pasta, fainali ya Champions League si wangeirudisha Jumatano?" Ilikuwa Jumatano hadi 2009. Mwaka 2010 UEFA wakaipeleka Jumamosi, ili watoto na familia waweze kwenda uwanjani.

Kwao Ulaya sawa. Kwetu Kenya ilikuwa ikianza saa nne usiku. Ikifika penalti, saa saba inakukuta bado uko njiani. Asubuhi mpiga kinanda hayuko, na wewe unasema amina pasipo na amina. (Usinicheke, hata mimi nimewahi kuhubiri na usingizi.)

Lakini Jumatano siitaki. Tuna maombi, na Alhamisi mtoto ana shule. Jumapili ndiyo kabisa. Ibaki Jumamosi, ila ianze mapema. Ya 2026 kule Budapest iliwekwa saa moja usiku kwa saa zetu. Hapo nawapongeza.

Saa ndiyo inanisumbua kuliko siku. Kijana wetu mmoja alivamiwa usiku wa manane akitoka kuangalia mpira, karibu kabisa na kwao. Alipona, lakini mamake hadi leo halali kukiwa na fainali. Eutiko naye alianguka kutoka ghorofa ya tatu usiku, na huyo alikuwa anamsikiliza Paulo!

Kwa hivyo baba, kama una televisheni, fainali ijayo fungua sebule yako. Waite vijana wa jirani, walale hapo hapo. Wewe weka chai, mimi nitaleta mandazi.