Vikombe Pekee Havitoshi

Mwandishi aliyewapanga makocha bora duniani kwa idadi ya vikombe amejirahisishia kazi. Kwamba Carlo Ancelotti yuko kileleni, sina ugomvi: kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mara 5 si mchezo. Ninachokataa ni kipimo chenyewe. Kuhesabu vikombe bila kuuliza kocha alikabidhiwa nini ni kumsifu mpishi kwa ukubwa wa ghala.

Tumtazame Hervé Renard, ambaye orodha hiyo haikumgusa. Mwaka 2012 aliipa Zambia Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya kuilaza Ivory Coast ya Didier Drogba na Yaya Touré kwa penalti 8-7 mjini Libreville. Beki wake Joseph Musonda aliumia mapema. Mechi ilipokwisha, Renard alimbeba mikononi hadi kwa wenzake washangilie pamoja. Miaka 3 baadaye akalichukua kombe hilohilo akiwa na Ivory Coast. Hakuna kocha mwingine aliyelitwaa na nchi 2 tofauti.

Watasema alitimuliwa Lille kabla msimu haujafika katikati. Kweli. Lakini je, Brian Clough hakutimuliwa Leeds United baada ya siku 44? Huyohuyo aliipandisha Nottingham Forest daraja mwaka 1977, akatwaa ubingwa wa England 1978, kisha Kombe la Ulaya 1979 na 1980.

Basi kila anayepanga makocha aeleze pia kocha alianzia wapi na alikuwa na wachezaji gani. Bila hivyo, anazipanga klabu kwa utajiri tu.