DAWA IMESHINDWA, NA ANAYELAUMIWA NI MAMA



Huenda baadhi yenu mtauliza: Je, vijidudu vya hospitali vyakihusu nini chama cha wafanya kazi? Chama ni cha mishahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Mambo ya dawa waachiwe madaktari.

Jibu letu ni hili. Mtoto anayekufa leo kwa sababu dawa aliyodungwa haikuua vijidudu vilivyo katika damu yake, mara nyingi ni mtoto wa mtu kama wewe. Na ukichunguza kwa nini dawa ile ilishindwa, utayakuta mambo yale yale: mshahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Kwa hiyo jambo hili ni letu. Tukinyamaza, wengine watalisema kwa niaba yetu, na watalisema vibaya. Tayari wanalisema vibaya.

JAMBO LENYEWE NI NINI?

Mwaka 1928, katika hospitali moja ya London, daktari Alexander Fleming aligundua kwamba ukungu fulani waua bakteria. Hapo ndipo ilipotoka penisilini, na baada yake zikafuata dawa nyingine za namna hiyo, zile ziitwazo antibiotiki. Kabla ya dawa hizi, homa ya mapafu au kidonda kilichoingia uchafu kiliweza kumaliza mtu mzima, sembuse mtoto.

Lakini bakteria si wajinga. Huzaana upesi sana, na katika mamilioni yao huzaliwa mmoja ambaye dawa haimwui. Dawa ikiwamaliza wenzake, yeye hubaki peke yake, hana mpinzani, naye huzaa wengine walio kama yeye. Tena wana tabia mbaya zaidi: aina moja ya bakteria yaweza kuipa aina nyingine silaha yake, kama mwizi anayempa mwenzake ufunguo wa bandia. Hivyo ndivyo unavyopatikana usugu. Mtu haugeuki mwili wake kuwa sugu; ni vijidudu vilivyokuwa sugu.

Fleming mwenyewe alilionya jambo hili. Tarehe 11 Desemba 1945, alipokuwa akihutubu baada ya kupewa tuzo ya Nobel, alisema kwamba mtu akitumia penisilini kidogo isiyotosha, atavifundisha vijidudu kuishinda. Watu hawakusikia, au walisikia nusu.

Sasa tazameni hesabu. Mwaka 1950 tungalicheka tukiambiwa hivi, lakini wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Katika kila watano wa hao, mmoja alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Na ukilinganisha na wingi wa watu, nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ndizo zilizoumia kuliko zote.

Kati ya mwaka 2018 na 2020 walichunguzwa vichanga 3,200 waliokuwa na dalili za uambukizo wa damu, katika hospitali za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwamo. Zaidi ya mmoja katika kila kumi alikufa. Kijidudu kilichoonekana mara nyingi zaidi ni kile kiitwacho Klebsiela. Na madaktari, kwa kuhangaika, walitumia michanganyiko ya dawa zaidi ya 200. Mtu anayejua dawa gani itaponya hajaribu njia mia mbili. Hizo ni dalili za watu wanaopapasa gizani.

Kwa kawaida kichanga mwenye uambukizo wa damu hupewa penisilini au ampisilini pamoja na jentamisini. Dawa hizi ni rahisi na zapatikana. Zikishindwa, daktari hutafuta seftriaksoni. Nayo ikishindwa, yatafutwa meropenemu, ambayo bei yake ni kubwa zaidi na si kila hospitali inayo. Baada ya hapo ngazi inakaribia kwisha.

"MAMA NDIYE MWENYE MAKOSA"

Sasa sikilizeni yale tunayoambiwa mikutanoni na redioni. Twaambiwa kwamba usugu umeletwa na wananchi wasiojua. Mama ananunua vidonge vinne kwenye duka la dawa badala ya dozi nzima. Baba anampa mtoto masalio ya dawa ya jirani. Basi fundisheni watu, bandikeni matangazo ukutani, na mambo yatatengenea.

Hatukatai kwamba mambo hayo yapo. Lakini twauliza: kwa nini mama ananunua vidonge vinne? Je, hajui kuhesabu? Anajua sana kuhesabu! Amehesabu fedha zilizomo mkononi, akaona zatosha vidonge vinne na unga wa jioni. Tena amehesabu kwamba akienda zahanati ya serikali atakaa foleni tangu asubuhi hadi alasiri, na kibarua asiyefika kazini hapati ujira wa siku ile, na pengine kesho atamkuta mtu mwingine mahali pake. Duka la dawa halina foleni. Nusu dozi ni ugonjwa wa mshahara kabla ya kuwa ugonjwa wa ujinga.

Na hata tukisema mama ana makosa yote, bado kuna swali moja ambalo hao wahubiri hawalijibu. Mtoto wa siku tatu amekunywa dawa gani? Amenunua wapi nusu dozi? Amekataa lini kumaliza vidonge? Hata hivyo damu yake yaonekana ina Klebsiela isiyosikia dawa. Wengine hupokea vijidudu kwa mama wakati wa kuzaliwa. Lakini wengi wanaougua wakiwa wamelazwa huvipata humo humo wodini: katika mikono iliyomgusa mtoto mwingine dakika moja iliyopita, katika sinki, katika mipira ya kupitishia maziwa na hewa, na katika kitanda kimoja walicholazwa watoto wawili au watatu.

Huko Afrika Kusini, katika hospitali ya Tembisa karibu na Johannesburg, vichanga 10 walikufa katika miezi miwili ya mwisho ya mwaka 2019 kwa Klebsiela sugu. Wodi ile ilikuwa imejaa watoto kupita kiasi chake. Nani alaumiwe hapo? Mama aliyejifungua, au yule aliyepanga fedha akaona wodi ndogo yatosha?

MAJI, SABUNI NA MIKONO

Jambo hili si geni. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Aliwaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wakifa akina mama kama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2. Hapakuwa na penisilini wakati ule. Palikuwa na karai, maji na klorini.

Leo nesi wetu ajua habari za kunawa mikono kuliko waziri yeyote. Lakini mpeni nesi mmoja zamu ya usiku yenye vichanga zaidi ya kumi, wengine hawapumui vizuri, wengine walishwa kwa mpira kila baada ya saa tatu, na bomba limekauka tangu jana. Mwambieni anawe mikono kila akitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Anawe kwa nini? Kwa mate?

Kuna wasemao kwamba manesi ndio wauaji kwa kuwa hugoma. Mwaka 2017 manesi wa Kenya waligoma tangu Juni hadi Novemba, na wagonjwa waliteseka. Hatutasema hawakuteseka. Lakini nesi alipokuwa wodini akidai wenzake waongezwe, nani alimsikia? Siku asipokuwapo ndipo nchi nzima huona kwamba alikuwa mmoja akifanya kazi ya watano. Mgomo ni kengele ya moto. Mwenye nyumba asiilaumu kengele akaacha moto.

FAIDA KWANZA, MTOTO BAADAYE

Tena twaambiwa: Ngojeni, kampuni kubwa za ng'ambo zitatengeneza dawa mpya. Tazameni jinsi zinavyotengeneza. Mwaka 2018 kampuni ya Novartis iliacha kazi ya kutafuta antibiotiki mpya. Mwaka huo huo kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata ruhusa ya kuuza antibiotiki yake mpya, iitwayo plazomisini. Mwezi wa Aprili 2019 kampuni hiyo ikafilisika. Sababu si ngumu kuelewa. Dawa nzuri ya namna hii yapaswa kuwekwa akiba na kutumiwa kwa siku chache tu. Dawa inayonywewa kila siku hadi kufa ndiyo inayojaza mfuko. Soko halikuumbwa limhurumie kichanga wa Kakamega. Kazi ambayo soko halitaki kuifanya, sharti serikali ziifanye kwa fedha ya watu wote.

Na zikitaka zaweza. Mwezi wa Novemba 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya kijidudu cha Hib, kiletacho homa ya uti wa mgongo na ya mapafu. Huko Kilifi, katika miaka mitatu hivi, ugonjwa huo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2011 ikaongezwa chanjo ya nimokoki. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, wala hana haja ya kujua kama vijidudu ni sugu. Huo ndio ushahidi kwamba jambo hili si kudra tu.

MADAI YETU

Chama kisilalamike tu. Twadai haya:

1. Siku ya zahanati yenye malipo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi likizo ya ugonjwa wake mwenyewe: siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara, baada ya kutumikia miezi miwili. Haikutaja siku hata moja ya kumpeleka mtoto mgonjwa hospitali. Kila mapatano mapya na waajiri yawe na kifungu hicho, na vibarua wasiachwe nje.

2. Fedha zetu zionekane. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Hatukatai kuchanga. Lakini twataka kuona bomba lenye maji, sabuni, na kitanda kimoja kwa mtoto mmoja katika wodi ya vichanga.

3. Maabara katika kila hospitali ya kaunti, iweze kuotesha damu ya mtoto na kumwambia daktari dawa ipi bado inafaa. Bila hiyo daktari anabahatisha.

4. Manesi waajiriwe kwa kazi ya kudumu, si kwa mikataba ya miezi michache, na idadi yao katika zamu iandikwe na kufuatwa.

Mwezi wa Septemba 2024 serikali za dunia zilikubaliana kwenye Umoja wa Mataifa kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Ahadi imetolewa mbele ya watu. Sisi tutaishika kama tunavyoshika mapatano ya mishahara: kwa tarehe na kwa hesabu.

NA SISI WENYEWE

Anayedai haki sharti atimize wajibu wake. Mafua ya kawaida hayasikii antibiotiki. Usimlazimishe daktari akupe. Ukipewa dawa, ifuate kama ulivyoelezwa, wala usigawe masalio. Mtoto apelekwe chanjo zote, na anyonyeshwe maziwa ya mama tangu saa ya kwanza. Na kichanga akikataa kunyonya, akiwa wa moto sana au wa baridi sana, akipumua mbio, akilegea au akishikwa na degedege, usiende dukani. Nenda hospitali saa ile ile, hata usiku, hata kama msimamizi atanuna. Msimamizi akikukata ujira kwa ajili hiyo, lete habari kwa mjumbe wako wa tawi siku hiyo hiyo. Hiyo ni kesi ya chama.

Kila tawi lichague watu watatu, na mmoja angalau awe mama, waende kwenye hospitali iliyo karibu wakaulize maswali manne tu: Maji yapo? Sabuni ipo? Usiku nesi mmoja ana watoto wangapi? Maabara yaweza kuotesha damu? Majibu yaletwe kwenye mkutano mkuu, yaandikwe, na yapelekwe kwa wakubwa wa kaunti yakiwa na sahihi za wanachama.

Wasituambie tena kwamba mama ndiye aliyeharibu dawa. Mama alinunua alichoweza kwa mshahara aliopewa. Waliopanga mshahara ule, na waliopanga wodi ile, waje kwanza wajibu.

UMOJA NI NGUVU!