Orijino Kabisa

Barazani na Mzee Mbuyu

Juma hili nilipanda Noah ya abiria na magunia ya mpunga kutoka Bahi kwenda Dodoma, na wasomaji wa baraza hili, waliokwisha kuzizoea safari zangu zisizofika, hawatastaajabu nikisema kwamba tulikuwa hatujaiacha Bahi mbali injini ilipoanza kumisi, gari likatetemeka, na taa ya manjano ikawaka mbele ya dereva, ambaye aliitazama kwa utulivu wa mtu anayeifahamu siku nyingi. "Koili, mzee wangu," akaniambia, "tena hii ni mpya."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonitia ghadhabu. Fundi aliyeitwa aliihamisha koili aliyoishuku kutoka silinda moja hadi nyingine, na maradhi yakahama nayo. Alipoichomoa ikadhihiri kwamba tatu zilizobaki, zenye maandishi yaliyofutika kwa joto na uzee, zilikuja na gari kutoka Japani na zingali hai, hali marehemu alinunuliwa Mfungo Mosi, katika sanduku linalometameta lenye jina la kiwanda mashuhuri na herufi moja pungufu. Fundi akachomoa na waya wa nozeli ya silinda ile, petroli isiyoungua isiteremke kwenye ekzosi ikayaunguza masega yanayosafisha moshi, tukajikongoja kwa silinda tatu.

Kwa kuwa shemeji yangu mwenye shahada atauliza, nitaeleza. Koili huchukua volti 12 za betri ikazikuza hata kupita 20,000, kwa nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kiini cha chuma, moja nene ya mizunguko michache, nyingine nyembamba mno ya mizunguko maelfu. Na umeme wa nguvu hiyo hautulii, hutafuta kila ufa wa kutorokea, wala hauna kizuizi ila utomvu mgumu uliomiminwa juu ya nyaya zile, ambao ukiwa hafifu, au ukiganda na mapovu ndani, hupasuka kwa joto la injini, cheche ikavujia kwenye chuma badala ya kuifikia plagi.

Wako watakaoilaumu plagi kuukuu, ambayo pengo lake likipanuka huitaabisha koili hata ikafa kabla ya ajali yake, na wako watakaolilaumu vumbi la Ugogo, ambalo huku kwetu hulaumiwa hata kwa madeni. Nasema hapana. Plagi zilikuwa za umri mmoja na vumbi lilikuwa la wote wanne, akafa mgeni peke yake. Ilipunjwa shaba, ukapunjwa utomvu, basi. Volkswagen yenyewe, koili zake zilipoifedhehesha huko Marekani, ilikubali mwaka 2003 kuzibadilisha kwa gharama yake. Muuzaji wetu hana fedheha ya namna hiyo, kwani risiti yake ina mhuri usemao kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na ukutani ameongeza, kwa wino mwekundu, kwamba vifaa vya umeme ndiyo kabisa.

Nilifuatana na dereva mpaka dukani, nikamkumbusha bwana yule Sheria ya Ushindani ya 2003, inayomlinda mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ambayo ni kongwe kuliko yeye na duka lake. Alinisikiliza kwa adabu kamili, akauliza ni fundi gani aliyeifunga, kisha akateremsha sanduku jingine, la bei maradufu, akasema hii sasa ndiyo orijino kabisa.

"Na ile ya kwanza?"

"Ile ilikuwa orijino."

Dereva, maskini, akatoa fedha. Nje ilisimama gari ya muuzaji mwenyewe, Noah vilevile, nami nikamwuliza yeye hufunga ipi kati ya hizo mbili. Akajibu bila kusita, huku akihesabu chenji, kwamba yake huinunulia za mtumba.