Anayeamua Saa ya Kuhama

Duka la wakala wa M-Pesa kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, hapa Tiwi, linafaa kufungulia mjadala wa toleo hili kuliko maabara yoyote. Mwenye duka anapima sukari robo. Mteja wa pili anataka kutoa shilingi 500: kitambulisho kinatolewa, namba inaandikwa kitabuni, ujumbe wa simu unangojewa. Kabla haujaingia, mtoto ametumwa mafuta ya kupikia ya 50, na nje mwenye bodaboda anapiga honi, anataka chenji. Wanaotazama husema mama huyu ana kipaji, anafanya mambo manne kwa pamoja. Hoja ya ukurasa huu ni kwamba hafanyi manne kwa pamoja. Anafanya moja, analiacha, anashika jingine, na kila anapohama akili yake inalipa kitu. Tena malipo hayo hayatokani na wepesi wake peke yake. Yanategemea mambo mawili ambayo mara nyingi si yeye aliyeyapanga: kama kilicho mbele ya macho yake kinamwonyesha waziwazi ni kazi gani inayofuata, na kama saa ya kuhama ameichagua mwenyewe au amechaguliwa na mwingine.

Aliyeipima gharama hiyo mapema ni Arthur Jersild, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1927, kwa karatasi na saa tu. Aliwapa watu safu za tarakimu. Kuna safu waliyojumlisha toka juu hadi chini, kuna waliyotoa, na kuna ile waliyotakiwa kupokezana: hii jumlisha, inayofuata toa. Safu ya kupokezana iliwachelewesha, ingawa hesabu zenyewe ni za mtoto wa shule. Huo ndio upande wa kazi yake unaotajwa siku zote. Upande unaosahauliwa, nami naona ndio wenye faida zaidi kwetu, ni kwamba alipochanganya tarakimu na maneno katika safu moja, tarakimu za kutoa na maneno ya kutajia kinyume chake, ule ucheleweshaji ulitoweka. Kitu kilichoandikwa kilijitangazia kazi yake: neno haliwezi kutolewa tatu. Akili haikulazimika kukumbuka ni zamu ya nini. Kwa hiyo kinachochosha si wingi wa kazi wenyewe. Kinachochosha ni kazi mbili zinazogombania kitu kimoja, kama tarakimu ileile inayoweza kujumlishwa au kutolewa, au simu ileile iliyobeba hesabu ya duka, salamu za shangazi na ubishi wa mpira.

Baada ya hapo suala hili lililala kwa miongo mingi, likaamshwa miaka ya 1990. Mwaka 1995 Robert Rogers na Stephen Monsell walionyesha jambo linalosumbua hadi leo. Mtu aliyejua hakika kwamba zamu inayofuata ni ya kazi nyingine, akapewa na nafasi ya kutosha kujiandaa, alipunguza gharama ya kuhama lakini hakuimaliza. Baki fulani iling'ang'ania. Mwaka mmoja kabla yao, Alan Allport na wenzake walikuwa wameeleza kwamba kazi iliyotangulia haifutiki papo hapo, kama sufuria iliyopikiwa papa ambayo, kila mpishi anajua, haitiwi chai kabla ya kusuguliwa. Wengine wanasema maandalizi hayakamiliki mpaka kazi mpya yenyewe iguswe. Ubishi haujaisha, na pengine wote wana haki kwa sehemu. Kuhusu mahali katika ubongo panaposimamia kuhama huku kuna ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 1963 Brenda Milner, huko Montreal, alichunguza wagonjwa waliokatwa sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso ili kutibiwa kifafa. Aliwapa kadi za kupanga, kwa rangi kwanza, kisha kanuni ikabadilishwa kimyakimya. Watu wengine wangeinusa kanuni mpya baada ya kukosea mara chache. Wao waliendelea na ileile ya zamani, huku wakiambiwa kila mara kwamba wamekosea.

Pwani yetu ya kusini ina mfano wake, na haupatikani kwa urahisi huko walikotoka watafiti hao. Mhudumu wa hoteli ya Diani hupokea oda ya mgeni kwa Kijerumani, akaipeleka jikoni kwa Kiswahili, akaulizwa kwa Kiingereza na msimamizi wake, na mlangoni akaitana na mwenzake wa Ukunda kwa Kidigo. Mtu angedhani safari ngumu ni ile ya kwenda Kijerumani. Mwaka 1999 Renata Meuter na Allport waliwapa wenye lugha mbili tarakimu za kutaja, rangi ya nyuma ikiwaamuru lugha gani itumike, wakakuta kinyume: kurudi kwenye lugha ya kwanza, iliyo nyepesi, ndiko kulikochelewesha zaidi. Maelezo yao ni kwamba ili lugha dhaifu ipate nafasi, ile yenye nguvu lazima ibanwe, na iliyobanwa sana huchelewa kufunguka. Baadaye, mwaka 2004, Albert Costa na Mikel Santesteban walionyesha kwamba kwa waliobobea katika lugha zote mbili tofauti hiyo haionekani. Hata hivyo kuna mtu anayestahili kutendewa haki hapa. Kijana anayetoka kazini akasita kutafuta neno la Kidigo mbele ya bibi yake huambiwa amejaa maringo, uzungu umempanda. Huenda maringo yapo. Lakini kule kusita kwenyewe kunaweza kuwa ni lugha ya mama iliyobanwa mchana kutwa na sasa inafunguka polepole.

Hapo msomaji wa Pwani atapinga: sisi huchanganya lugha barazani tangu alasiri hadi isha, na hakuna anayechoka. Pingamizi hili ni zuri kwa sababu linaifikisha hoja mahali pake. Barazani hakuna anayeamuru. Mtu huhamia Kiingereza pale neno la Kiingereza linapomjia kwanza, akarudi anapopenda. Mwaka 2018 Angela de Bruin na wenzake waliwapima watu wenye Kibaski na Kihispania, wakaona kwamba walioachwa wachague lugha wenyewe walijibu upesi kuliko walipolazimishwa kubaki na lugha moja tu. Kila kuhama kulikuwa bado na gharama ndogo, lakini uhuru uliilipa na kubakisha. Tofauti ya baraza na hoteli, basi, haiko katika idadi ya lugha. Iko katika nani ameshika usukani.

Pingamizi la pili husemwa kwa sifa: wanawake wameumbiwa kufanya mengi kwa pamoja, tazama wasusi wa makuti wanavyopiga soga mikono ikienda. Watazame vizuri. Mikono inayokunja jani juu ya fito imezoea, haihitaji tena mwangalizi, na ndiyo maana mdomo uko huru. Mnunuzi akifika, ikabidi kuhesabu makuti mia mbili, soga hukatika. Anayeendelea kuongea hurudia kuhesabu. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2019 uliolinganisha wanawake 48 na wanaume 48 haukuona tofauti ya jinsia katika gharama ya kuhama. Sifa hiyo, kwa maoni yangu, imetumika zaidi kumwongezea mama kazi kuliko kumheshimu.

Wa tatu atasema haya ni mambo ya robo ya sekunde. Kweli, maabarani ni robo ya sekunde hivi. Bodaboda inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita nne katika robo ya sekunde, na mtu aliyekuwa akisoma ujumbe wa simu harudi barabarani kwa robo ya sekunde. Na wa nne, ambaye namheshimu kuliko wote, atauliza kama vipimo vilivyobuniwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Ulaya vinamhusu mtoto wa Kwale. Swali hilo lilishughulikiwa hapa hapa Pwani. Penny Holding na wenzake walichapisha mwaka 2004 seti ya vipimo vya akili iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Kilifi, kwa kuwa kipimo kigeni kinaweza kupima ugeni wa karatasi badala ya akili ya mtoto. Tunachohitaji ni kazi ya namna hiyo ivuke kivuko cha Likoni.

Hata kabla ya vipimo hivyo, hoja hii inagusa shule: sera inaruhusu lugha ya eneo katika gredi tatu za mwanzo, kisha Kiingereza kinatawala. Mtoto wa Tiwi aliyetoka nyumbani na Kidigo na madrasani na Kiarabu cha kusoma, akivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya kwao, analazimishwa hasa kile ambacho utafiti wa 2018 ulikiona kuwa kigumu. Mtihani ni wa Kiingereza, mwalimu atasema, na ana haki. Basi kipindi cha Kiingereza kiwe na mipaka inayoonekana, kwa mwalimu wake, daftari lake na ukuta wake, bila kumwadhibu anayefikiri kwa lugha nyingine njiani.

Zahanatini ndiko kusikosubiri. Johanna Westbrook na wenzake waliwafuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney, wakachapisha mwaka 2010 kwamba kila muuguzi alipokatizwa akitoa dawa, makosa yaliongezeka kwa takriban asilimia 12. Baadaye walijaribu kuwavisha fulana yenye maandishi ya kuomba asikatizwe mtu. Kukatizwa kukapungua, lakini wauguzi waliilalamikia fulana: inawatia joto, inawapotezea muda, na wengi hawakutaka iwe ya kudumu. Ikiwa Sydney wamelalamikia joto, hakuna haja ya kuijaribu Kwale mwezi wa Februari. Meza ya dawa ihamishwe mbali na dirisha la foleni, simu ya zahanati ikae kwa karani, na anayetaka kuuliza matokeo ya kipimo aelekezwe mlango mwingine. Kwa seremala hiyo ni kazi ya siku moja.