Sinki Likivuja, Tusimngoje Baba Watoto



Kuna jambo limezoeleka majumbani mwetu nasi hatuliafiki. Sinki la kunawia bafuni linavuja kwa chini, huwekwa kopo. Kopo likijaa humwagwa, likarudishwa. Mwezi wa tatu kopo limeshakuwa pambo la bafu. Ukiuliza, unaambiwa "tunamngoja baba watoto". Naye yuko Muscat kikazi, au yupo hapa hapa lakini spana haijui kuliko sisi.

Rai yetu ni kwamba kubadilisha westi ya sinki, kile kipande chenye tundu kinachopokea maji katikati ya beseni, ni kazi anayoiweza mwanamke ambaye hajawahi kushika bomba maishani mwake.

Wengine hulalamika kuwa maji yale yananajisi sakafu. Hapana. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni tohara, ila hayatawadhiwi tena. Khofu yetu ni nyengine: bibi anaamka usiku kwa tahajudi, anakanyaga kigae kilichorowa. Mtu mzima akivunjika nyonga, nyumba nzima inabadilika. Kopo la maji ni jambo dogo mpaka siku hiyo.

Anzeni kwa kujua kinachovuja. Futeni kila kitu kwa chini mpaka kikauke, jazeni beseni, kisha yaachieni maji huku mnapapasa kwa karatasi ya chooni. Karatasi ikirowa juu kabisa, pale nati kubwa inapobana beseni, ni westi. Ikirowa chini zaidi, kwenye kile kikombe kinachobakisha maji ili harufu na mende wasipande, huenda ni mpira tu, na mpira ni rahisi mno kuliko westi nzima.

Dukani ndipo wanawake wengi tunapobabaishwa. Semeni westi ya sinki la kunawia, inchi moja na robo. Ya jikoni kwa kawaida ni inchi moja na nusu, msipewe hiyo. Tena tazameni beseni lenu: lina kile kitundu cha juu cha kupitishia maji yakizidi? Likiwa nacho, westi iwe na matundu ubavuni. Likiwa hana, chukueni isiyo na matundu. Bora muichukue ya zamani mkononi muilinganishe, muuzaji asiwe na la kusema.

Kazi yenyewe haina siri. Ndoo chini, mfereji ufungwe na watoto waambiwe wasiufungue. Legezeni kikombe kwa mkono, maji yake yatamwagika ndoani, yananuka, vumilieni. Kisha nati kubwa. Hapa ndipo penye ukaidi, khasa nyumba za pwani ambako chumvi imeshaila shaba: nati inazunguka na westi nayo inazunguka. Mmoja aishike kwa juu kwa koleo, mwengine azungushe kwa chini. Ikigoma kabisa, msumeno wa chuma uikate nati pole pole, bila kuligusa beseni.

Safisheni tundu, mabaki ya zamani yote yatoke. Silikoni kidogo chini ya ukingo wa westi mpya, muitie kwa juu, mpira na nati vipande kwa chini. Kazeni kwa mkono, kisha kwa spana kidogo tu. Anayekaza kwa nguvu zote hupasua beseni la kauri, na beseni si bei ya westi. Rudisheni kikombe, acheni silikoni ikauke mpaka kesho, ndipo mjaze maji na kupapasa tena kwa karatasi kavu.

Tumesikia hoja kwamba hii ni kazi ya wanaume, na mwanamke akiifanya anamvunjia mumewe heshima. Hatuioni heshima hiyo ilipo. Bi Aisha, Mungu amuwie radhi, alipoulizwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Ikiwa kazi za ndani hazikumpunguzia yeye kitu, spana itatupunguzia sisi nini?

Hoja ya pili ina uzito zaidi: fundi naye ana watoto wa kulisha. Kweli. Bomba lililo ndani ya ukuta, tangi la juu ya paa, karo, hayo ni yake na tumlipe bila ya kumpunja. Lakini kumngojea siku kumi kwa nati moja, kisha aje saa ambayo nyumbani kuna msichana peke yake, atafutiwe jirani wa kukaa naye ili isiwe faragha, hilo ni kero kwetu na kwake.

Na wasichana wetu waitwe washike tochi. Kaka zao huitwa, wao hupelekwa jikoni, halafu wakiolewa tunashangaa kopo limehamia nyumba ya pili.

Wiki ijayo inshaAllah tutazungumzia mfereji unaotona. Huo ndio unaopoteza maji hasa.